Jicho na Sikio

Swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji, ni hili: watu wanaposhindana katika kazi ya muziki, nao wakawa wanatazamwa huku wanasikilizwa, ni kiasi gani cha jasho lao kinachopaswa kutolewa kwa ajili ya jicho, na kiasi gani kwa ajili ya sikio? Kwa mtazamo wa kwanza swali hili laonekana dogo. Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la waamuzi na kalamu zao, si jambo la kuumiza vichwa vya wanafunzi. Mimi nasema kwamba ndani yake limo swali kubwa la ukweli na udanganyifu, na kila aliyepata kusimama katika safu ya kwaya ya shule amekutana nalo, hata kama hakulitambua.

Nitakupeleka mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko swali hili limewekwa uwanjani likaonekana waziwazi. Huko viko vikosi vya vijana vinavyoitwa vikosi vya ngoma na baragumu. Asili yao ni ya kijeshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha mwaka 1918, askari waliorudi nyumbani waliunda vyama vyao, na vyama hivyo vikawa na vikundi vya kupiga ngoma na baragumu, vikashindana katika gwaride. Vijana nao wakafuata nyayo hizo. Mwaka 1972 vikosi vya vijana vilifanya mashindano ya kwanza ya ubingwa chini ya chama chao wenyewe, Drum Corps International, katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin. Tangu hapo bingwa hutafutwa kila mwaka mwezi wa Agosti, isipokuwa miaka ya 2020 na 2021, ugonjwa wa korona ulipoyavuruga mambo ya dunia nzima.

Kikosi kimoja huwa na vijana wapatao 150. Wako wapulizao ala za shaba, wako wapigao ngoma, na liko kundi la bendera, ambalo hurusha bendera, panga na bunduki za mbao juu hewani na kuzidaka. Zumari na filimbi hazimo. Pembeni mwa uwanja, mbele ya watazamaji, hupangwa ala kubwa zisizobebeka, na miongoni mwake ni marimba. Jina hilo, kama ujuavyo, ni letu sisi Wabantu, na ala hiyo ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Uwanja wenyewe ni ule wa mpira wa Kimarekani, wenye urefu wa yadi 100, yaani mita 91, kati ya mstari wa goli moja na wa goli la pili. Maonyesho hayapiti dakika 12. Katika dakika hizo vijana hawasimami kama kwaya isimamavyo. Hutembea, hukimbia, hurudi kinyumenyume, huku wakichora kwa miili yao duara, mishale na mawimbi yanayozaliwa na kuvunjika mbele ya macho ya watu walioketi juu. Wala hawana muda mrefu wa kuifanya kazi hiyo: aliyepita umri wa miaka ishirini na kidogo hana nafasi tena.

Sasa tazama namna jicho na sikio yanavyogombana katika uwanja huo. Sauti huenda kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, lakini mwanga hufika papo hapo. Wapulizaji wawili wakitengana kwa mita 80, sauti ya mmoja huchukua karibu robo ya sekunde kumfikia mwenziwe. Robo ya sekunde ni kitu gani? Katika mazungumzo si kitu. Katika muziki wa mapigo 120 kwa dakika, ni nusu nzima ya pigo. Katika muziki wa mapigo 180, yakaribia robo tatu ya pigo. Watu hao wawili, kila mmoja akiwa amepatia kabisa kwa masikio yake mwenyewe, waweza kusikika jukwaani kama wanaobishana. Si hilo tu. Aliye nyuma ya uwanja na aliye mbele wakifuata wote wawili mkono wa kiongozi kwa macho, sauti ya wa mbele itamfikia mtazamaji kwanza, na ya wa nyuma itakuja ikiburuta mguu. Kwa hiyo vijana hufanya mazoezi marefu ili wa mbele wajifunze kuitegemea sauti itokayo nyuma yao, hata wakati jicho linapowaambia vingine. Kila mara mchoraji wa maonyesho anapowatawanya vijana ili picha yake ienee uwanja mzima, huwa ameandika deni, na walipaji wa deni hilo ni wapulizaji.

Juu ya deni hilo kuna deni la pumzi. Jaribu mwenyewe, msomaji: kimbia mara moja kuuzunguka uwanja wa shule yako, kisha, kabla hujapumzika, shika noti moja ndefu kwa sauti ya upole isiyotikisika. Utaona kwamba mwili uliochoka hautaki upole, wataka kuhema. Vijana hao hufundishwa kuuviringisha wayo taratibu kutoka kisigino hadi vidole, kifua na mabega yakiwaelekea watazamaji ilhali miguu inakwenda upande mwingine, ili ala iliyo mdomoni isirukeruke pamoja na hatua. Ni ustadi wa ajabu, nami siudharau hata kidogo. Walakini ni ustadi unaotumika kuizuia miguu isiuharibu muziki, na kama miguu ingekaa mahali pake usingehitajika.

Mtu mwenye haraka atasema: basi na wasimame! Ikiwa kusudi ni muziki, kukimbia ni kwa nini? Jibu hilo lanipendeza kwa ufupi wake, lakini si la haki, nami nitakuonyesha sababu yake kutoka katika lugha yetu wenyewe. Neno letu ngoma lina maana ya ile ala iliyowambwa ngozi. Lina maana ya uchezaji. Lina maana pia ya shughuli nzima, na watu wake, na usiku wake. Twasema ngoma imelia, na twasema tumecheza ngoma, wala hatuoni kwamba tumetumia maneno mawili. Waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kulitenga sikio na jicho na mguu. Mtu anayesema kwamba muziki safi ni ule wa watu walioketi kimya juu ya viti ameichukua desturi ya mahali fulani na ya wakati fulani, akaifanya sheria ya walimwengu wote.

Tena kuna mambo ambayo sauti peke yake haiyasemi. Mwaka 2008 kikosi cha Phantom Regiment, kilichojulikana kwa kupenda muziki mzito wa okestra, kilionyesha kisa cha Spartacus, yule mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma. Kisa kiliigizwa kwa miili, na watazamaji wakajikuta wakipaza sauti pamoja na vijana wa uwanjani kama kwamba wao pia wametiwa minyororo. Kikosi hicho kilishinda kwa alama 98.125, na aliyefuata, kikosi cha Blue Devils, alipata 98.100. Funga macho yako wakati wa maonyesho kama hayo, nawe utakuwa umekosa nusu ya maneno. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaoliona jicho kuwa mwizi aliyeingia katika nyumba ya sikio. Jicho lina haki yake humo, na neno ngoma ni hati ya haki hiyo.

Lakini kuwa na haki ndani ya nyumba ni jambo moja, na kumfukuza mwenzio ni jingine. Hapa itatufaa kujua namna alama zinavyotolewa, kwa maana katika mashindano yoyote watu hukua kuelekea kwenye alama kama mche ukuavyo kuelekea kwenye jua. Hata mwisho wa msimu wa 1983 waamuzi walikuwa wakihesabu makosa. Walitembea uwanjani katikati ya vijana, na kwa kila kosa walilolisikia au kuliona, noti iliyovunjika, mguu uliotangulia, walikata sehemu ya kumi ya alama moja. Ilikuwa haki ya namna yake, yenye kueleweka na mtu yeyote. Lakini fikiri ilifundisha nini. Ilifundisha kwamba wema ni kutokuwa na kosa. Kikosi kilichojaribu jambo gumu kikateleza mara tano kilipata hasara kuliko kilichofanya jambo jepesi bila kuteleza, na mwoga mwangalifu alipendelewa kuliko jasiri. Mwaka 1984 hesabu hiyo ya makosa iliachwa, na waamuzi wakaanza kutoa alama kwa kupanda, wakipima ubora wa kilichofanywa pamoja na ugumu wa kilichojaribiwa. Mimi naona mabadiliko hayo yalikuwa ya hekima. Hata hivyo yalifungua mlango, na aliyepita kwanza mlangoni ni jicho, kwa kuwa ugumu unaoonekana hutambuliwa upesi na kila mtu, na ugumu unaosikika hutambuliwa na wachache waliofunzwa.

Siku hizi alama 100 hugawanywa hivi: 30 ni za muziki, 30 ni za yale yanayoonekana, na 40 ni za athari ya yote mawili kwa pamoja. Kwenye karatasi, jicho na sikio yameketi sawa. Ukipenda mizani, hapo umeipata. Lakini zile 40 za katikati ni za nani? Ni za yule awahiye kumgusa mtazamaji, nalo jicho lina mwendo wa kasi. Bendera 30 zikiruka juu kwa wakati mmoja, watu hupiga kelele kabla hata hawajafikiri. Kibwagizo kilichopangwa vizuri katika sauti za chini huhitaji dakika tatu za kukiandaa, na huenda mtu akakielewa njiani akirudi nyumbani. Na tofauti kati ya mshindi na mshindwa ni nyembamba kama uzi: mwaka huo wa 2008 ilikuwa 0.025, na mwaka 1993 kikosi cha Star of Indiana kilikosa ubingwa kwa sehemu ya kumi ya alama moja tu. Ambapo uzi ni mwembamba hivyo, kila kikosi huanza kutafuta mahali pa kuiba kidogo.

Nasi wa huku tusijione wageni katika habari hizi. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 watu wa Lamu na Mombasa walikuwa na ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na bendi, na mtindo wake ukatokana na bendi za majeshi na za meli, asili ileile ya vikosi vya Marekani. Vikundi vilikwenda viwiliviwili katika kushindana: Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, na Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti. Walishindana kwa ala, kwa sare, kwa vyeo, kwa gwaride na kwa karamu, hata wengine wakajifilisi. Fedha iliyonunua sare ilikuwa fedha ileile ambayo ingenunua tarumbeta. Saa iliyotumika kunyoosha safu ilikuwa saa ileile ambayo ingetumika kunyoosha sauti. Hili ndilo neno zito katika shauri letu: si kwamba jicho ni ovu, bali siku ina saa chache, na mwenye sauti kubwa ndiye anayepewa.

Turudi kwenye kule kuiba kidogo, kwa maana si kila kupunguza kazi ni kuiba, na hapa lazima tupambanue. Mpangaji wa muziki anajua kwamba dakika fulani vijana watakimbia kasi. Akiwa mwerevu, atawapumzisha wanaokimbia, na kuwapa muziki wale waliosimama, kisha watabadilishana. Je, huo ni udanganyifu? Mimi nasema si udanganyifu, ikiwa wanaokimbia wameshusha baragumu zao watu wakaona kwamba zimeshushwa. Kila mmoja anafanya kazi yake, na hakuna anayedai sifa isiyo yake. Lakini fikiri kijana aliyeinua baragumu mdomoni, mashavu yamejaa, vidole vinacheza, wala hapulizi. Sikio halikupata kitu kutoka kwake, na jicho limeambiwa uongo.

Kadhalika na vipaza sauti, vilivyoruhusiwa katika mashindano hayo mwaka 2004, na ala za umeme, zilizoruhusiwa mwaka 2009. Watu wengi walizichukia tangu siku ya kwanza, lakini chuki yao yafaa ichujwe. Kipaza sauti kilichowekwa mbele ya marimba chamtumikia sikio kwa uaminifu: marimba ina sauti ya mti, na mpigaji wake, akishindana na shaba 70 au 80, alilazimika kuzitwanga mbao kama atwangaye kisamvu. Sasa aweza kuzigusa kama zinavyotaka kuguswa. Ala ya umeme nayo, ikitumiwa kuleta rangi ambayo shaba haina, haina lawama. Lakini ikitumiwa kunguruma chini ya wapulizaji waliochoka ili watu wasisikie kwamba wamechoka, imefanya kazi ya rangi mpya juu ya ukuta ulioliwa na mchwa.

Na sasa, msomaji, nakuleta shuleni kwako. Katika kwaya nyingi yuko mtoto ambaye sauti yake haikubali kukaa mahali pake. Siku za tamasha zinapokaribia, huambiwa kwa sauti ya chini: wewe utachezesha midomo tu. Haondolewi. Asiondolewe, kwa kuwa yeye ni wa nne katika safu ya pili, na akitoka pengo litaonekana. Mabega yake yanapokwenda kulia, safu nzima huwa kama wimbi moja. Amekwisha kushonewa sare. Jicho linamhitaji, sikio halimtaki. Mwili wake umeajiriwa, na sauti yake imefukuzwa kazi.

Mwalimu wa kwaya hiyo ana hoja zake, na si hoja za kipumbavu. Atasema kwamba watoto 40 wamefanya kazi miezi mitatu, na si haki mmoja aivunje kazi yao. Atasema kwamba yule mmoja amefurahi kusafiri, kuvaa sare na kupigiwa makofi. Atasema kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Yote hayo nayakubali, na bado nasema kwamba watu watatu wamekosewa. Wa kwanza ni mwamuzi, aliyeandika kwamba kwaya ya watoto 40 imeimba kwa umoja, ilhali walioimba ni 39. Wa pili ni kwaya ya shule jirani, iliyomwacha mwenye sauti mbaya aimbe, au iliyokaa naye jioni baada ya jioni hata akaipata noti yake, ikapoteza alama kwa uaminifu huo. Wa tatu ni mtoto mwenyewe. Yeye amejifunza jambo ambalo hatalisahau: kwamba anaweza kuwa ndani ya kazi kwa sura bila kuwa ndani yake kwa kweli, na watu wakapiga makofi. Atakapokuwa mtu mzima aketi katika afisi, au katika baraza, au mbele ya darasa, funzo hilo litakuwa limekwisha kuota mizizi.

Utaniuliza, basi mwalimu afanye nini? Nitakujibu kwa kadiri ya uwezo wangu. Kwanza amfundishe, kwa kuwa wengi wanaosemwa hawana sauti hawakupata mtu wa kukaa nao. Akishindwa, ampe kazi iliyo ya kweli: kayamba, ngoma, au hatua za mcheza mbele ya safu, mahali ambapo mwili wake unadai sifa ya mwili na hakuna anayedhani kwamba anaimba. Ndiyo kusema, simfukuzi jicho. Namwomba mtu wa jicho asimame mahali pa jicho, watu wamwone kuwa ndiye. Na ikiwa safu ya pili itakuwa na pengo, na mwamuzi akakata alama kwa pengo hilo, zikatwe.

Mtu ataona kwamba sijakupa kipimo cha nusu kwa nusu, wala cha theluthi. Sikukupa kwa sababu sikiamini. Ziko nyimbo zinazotaka miguu, na ziko nyimbo zinazotaka watu wasimame kama mikoko maji yakiwa makavu, na anayezipa zote harakati sawa hajazisikiliza. Kipimo ninachokitumia mimi ni kuuliza, kwa kila hatua na kila bendera: je, kazi ya sikio ilikuwa imekamilika kabla ya hii kuongezwa, au hii imewekwa ili isionekane kwamba haikukamilika? Mpangaji mwenyewe anajua jibu. Mara nyingi hakuna mwingine anayelijua.

Vikosi vya Marekani vina desturi moja inayonipendeza kuliko maonyesho yenyewe. Kabla ya kuingia uwanjani, vijana hukusanyika mahali pa kupasha moto ala zao, aghalabu katika eneo la kuegesha magari, na huko husimama katika nusu duara, bila kukimbia, wakapuliza na kupiga. Wapenzi wa kazi hiyo hutoka mapema, wakaacha viti walivyovilipia, wakaenda kusimama hatua chache tu kutoka kwenye vinywa vya baragumu na ngozi za ngoma. Hapo hapana picha ya kutazamwa kutoka juu, na bendera ziko kando zikifanya mazoezi yake peke yake. Mtu anaweza kutembea taratibu mbele ya nusu duara, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kusikia kila kijana kwa zamu yake: huyu ana pumzi, yule ameanza kuchoka, yule wa tatu kutoka kushoto hapulizi.